Bomba Nililokuambia Nimelikata

Mtani wangu Bonifasi,

Barua hii sikuifunga. Nimemkabidhi dada yako Veronika aivushe Ruvuma ikiwa wazi, na kabla hajaondoka mwalimu wa kijijini kwenu Mnyambe ataisoma barabarani, mbele ya watu wote. Nimemwomba hivyo mimi mwenyewe. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeombwa kumvua mwenzake nguo sokoni, akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia kufikiri vizuri nimeshajaribu miaka kadhaa, haikusaidia kitu.

Juma lililopita Veronika aliteremka Masasi na redio iliyokuwa bubu. Nilipokuwa nimeifungua mgongo nikamwuliza habari zako, kama ninavyouliza siku zote, kwa sauti ya mtu asiyejali. Akasema uko mzima, una shamba la mihogo upande wa pili, na tangu vita viishe huko hakuna anayekusumbua. Ila mbao hugusi. Hata mpini wa jembe lako anautia jirani. Ukiulizwa sababu, unajibu mara moja tu kisha unaondoka. Nikamwuliza unajibu nini.

"Anasema, sanduku langu lilimwua mama."

Niliiweka bisibisi mezani. Mimi nilijua umeondoka, Boni. Sikujua umeondoka na mzigo wangu.

Acha nianze na sanduku lenyewe, maana wakati ule nilikuwa bado mtu mwema, au angalau sikuwa nimepata nafasi ya kuwa mbaya.

Unamkumbuka yule afisa wa kutoka bara, mwenye suti mbili na imani moja: kwamba watu wa huku hawahamii kwenye vijiji vipya kwa sababu hawajasikia vizuri. Kipaza sauti cha juu ya Landrova yake kililia kama mbuzi aliyefungwa juani. "Nataka sauti yenye kifua," aliniambia. Alikuwa amepata spika kubwa kutoka lori la sinema lililokufa, mdomo wake mpana kama ungo. Sharti lake lilikuwa moja, asipunguziwe nafasi. Viti vya nyuma vilikuwa vya watu, na sakafu ilikuwa ya mapipa, kwa sababu maji ya Newala yalifuatwa bondeni kama yanavyofuatwa leo, na mwenye gari alikuwa na maji na marafiki. Kwa hiyo sanduku la spika likae nyuma ya viti vya mbele, kwenye upenyo ambao kuku asingeweza kuingia akageuka.

Afisa nilikuwa nimeshamwambia inawezekana. Nilipofika kwenye karakana yako nyuma ya soko la Newala nikakuambia haiwezekani, maana nilikujua. Hukunyanyua kichwa kwenye randa.

"Mmakua," ukasema, "ninyi mmezoea kupima kwa macho kwa sababu mawe ya kwenu hayahami."

Nikakujibu kwamba hatupokei somo la vipimo kutoka kwa watu waliojenga juu wakayaacha maji chini. Ukacheka, ukachukua kamba yako, ukanifuata.

Ile kamba ya ukindu. Ndiyo ilikuwa futi yako, imejaa mafundo, na kila fundo lilikuwa na habari zake: hiki ni kitanda cha katekista, huu ni mlango wa fulani aliyenenepa baadaye. Niliwahi kukuletea futi ya chuma. Ukaitumia kujikunia mgongo.

Lakini ndani ya gari lile hata kamba ilichoka, kwa kuwa Landrova haina mahali paliponyooka. Kila bati limebonyea au limevimba. Hapo ndipo nilipokuona ukienda kwa muuza chai kukwangua masizi ya sufuria yake. Ukayachanganya na mafuta, ukalipaka bati lote la ndani, ukalisukuma sanduku lililokuwa halijakamilika mpaka likakwama, ukalivuta. Palipoingia weusi ukaparanda kidogo. Ukasukuma tena, ukavuta, ukaranda. Wiki mbili. Watu wakidhani unaosha gari la serikali kwa masizi. Mwisho wake sanduku liliingia lenyewe, na hewa ikatoka polepole pembeni kama mtu anayeshusha pumzi. Jembamba juu, nene chini, limelala sawasawa na mgongo wa kiti. Msumari hukutia hata mmoja, ulisema msumari ukitikiswa sana hujifunza kuimba. Ulitia ndimi za mbao na gundi ya moto, na kwenye mishono ukajaza nta ya nyuki.

Afisa alilizunguka gari mara mbili akilitafuta sanduku. Mimi na wewe tulisimama pembeni, hatukumsaidia.

Katikati ya kazi hiyo, Jumapili moja, tulikwenda Mnyambe kumsalimu mama yako. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama chakula kimekwisha Masasi hata ninapanda mlima. Mama Boni alikuwa mtani wangu kuliko wewe. Akatupeleka nyuma ya mikorosho kutuonyesha handaki lake, lile lililochimbwa ndege za Wareno zilipoanza kuvuka mto. Juu lilifunikwa kwa magogo na udongo. Ulitia kidole kwenye gogo moja, kikazama chote. Mchwa walikuwa wamebakiza ganda. Ukamwahidi mama utakuja kuyabadilisha.

Akarudi kupepeta mahindi yake, akaanza habari ya kijiji kipya.

"Nyumba moja moja ndege haioni," alisema. "Mkitupanga mstari kando ya barabara, mmemchorea Mreno. Huyo afisa wenu amewahi kupanda ndege? Apande, aangalie chini, halafu arudi kuniambia."

Ukamweleza kwamba afisa atakuja kuwatoa watu hofu hiyo hiyo ya ndege, na kwamba sauti yake itatoka ndani ya sanduku ulilochonga wewe. Ungo ukasimama hewani. Kisha akasema atakuja barabarani kulisikiliza sanduku la mwanawe. "Huyo mwenye suti nitamsikia kwa bahati mbaya."

Magogo mapya uliyakata wiki ile ile, ya mti ambao mchwa hawautaki, ukayalaza nyuma ya karakana. Ulipanga kuyapeleka Jumamosi. Ijumaa afisa akaja akisema sanduku ni zuri sana, ila angepata vidole viwili zaidi chini, kreti yake ya soda ingeingia. Soda ilikuwa ya wageni. Wageni sikuwahi kuwaona. Wewe ulitaka kukataa. Mimi ndiye niliyekuambia, "Magogo hayana miguu, yatakungoja. Afisa anayo." Ukacheka, ukachanganya masizi mengine, na Jumamosi yako ikaishia kwenye vidole viwili.

Veronika ameniambia kwamba hilo la magogo nalo unalihesabu kuwa dhambi yako. Tazama limetoka kinywani mwa nani.

Sasa bomba.

Kitabu changu cha mambo ya spika hakikuwa na jalada wala mwanzo. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kilisema sanduku dogo ukilitia bomba kwa ndani, mdomo wake ukatokeza nje, hutoa sauti ya sanduku kubwa. Letu lilikuwa dogo kwa lazima, kwa hiyo nilisoma mstari huo mara nyingi. Urefu wa bomba ulielezwa ukurasa unaofuata, na ukurasa huo mchwa walikuwa wameula. Nikakisia. Nikakunja bati la debe, nikalifanya refu, nikalipinda lipate kuenea ndani.

Tulijaribu uani kwako. Nilipofungua sauti, vikombe vya muuza chai vilitembea mezani. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Wewe ulikuwa umetoka, umekwenda kusimama mbali, ng'ambo ya soko, kwa sababu ngoma zote ulizowahi kuchonga ulizisikiliza kwa mbali kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Uliporudi hukuwa unacheka.

"Kwa karibu ni ngoma," ukasema. "Kwa mbali siyo ngoma. Kwa mbali ni ndege."

Nikakutania kwamba ninyi Wamakonde mkisikia hata tumbo la njaa mnaingia handakini. Ulilitoa bomba, ukalipima kwa kamba, ukafunga fundo jipya, ukanionyesha. "Likate mpaka hapa. Kabla ya Mnyambe." Nikasema kesho.

Sikulikata. Sababu kubwa sina. Sikuugua, hakuna aliyenizuia, mkasi wa bati haukupotea. Nililirudisha ndani zima, nikakaza skrubu nne za spika, basi. Nililipenda. Maisha yangu yote nilikuwa nimetengeneza sauti ndogo za redio za watu wengine, na hiyo ilikuwa sauti yangu ya kwanza iliyotikisa kitu. Nikawaza nitalikata baadaye. Kwanza Mnyambe waisikie.

Siku yenyewe wewe ulitangulia kwa baiskeli ili uwakusanye watu barabarani. Mimi nilikaa nyuma, amplifaya mapajani, afisa mbele pamoja na dereva. Tulipokaribia kijiji afisa akaagiza niweke muziki wa dansi kwanza, wachangamke. Betri ilikuwa imechoka na tepu ikawa inaburura, magitaa yakigeuka kunguruma. Ile sauti ya mbuzi ya kipaza sauti cha juu, upepo uliirudisha nyuma yetu. Iliyowafikia watu walioko mashambani ilikuwa sauti nzito ya chini tu, ile ya bomba. Mimi ndani ya gari nilisikia dansi.

Nikaona watu wanakimbia. Afisa naye aliwaona, akageuka akaniambia kwa furaha kwamba wanawahi nafasi za mbele. Kisha nikakuona wewe, katikati ya barabara, peke yako, unapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, mdomo wazi. Nikadhani unalishangilia sanduku letu.

Nikaongeza sauti.

Namwomba mwalimu arudie maneno hayo mawili, yasije yakawapita waliokaa nyuma.

Mama Boni alikuwa amekwisha kuvaa. Veronika alimwona akitoka mlangoni na kanga mpya, ile aliyoitunza, anakuja kulisikiliza sanduku la mwanawe. Akasimama. Akageuka, akaenda nyuma ya mikorosho, wala hakukimbia, alienda kama mtu anayejua njia. Magogo yalimngoja mpaka akafika katikati.

Ulichimba kwa mikono. Mimi nilichimba kwa kifuniko cha amplifaya. Tulipomtoa alikuwa bado anapumua, mchanga umemjaa puani, na kanga ingali imekunjwa vizuri begani. Tulishusha mapipa, tukashusha na kreti ya soda, tukamlaza sakafuni mwa Landrova tumkimbize hospitali ya Newala. Kichwa chake kilifika kwenye sanduku, miguu ikafika mlangoni. Mlango ukafungwa bila kumgusa. Afisa alikuwa amesimama pale na kreti mikononi, akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Kumbe anatosha."

Hakuwa na ubaya, Boni. Alishangazwa na nafasi. Na nafasi ile tuliifanya sisi, kwa masizi na randa, mpaka vidole viwili vya mwisho. Bila sanduku lako jembamba angekunjwa kama mzigo. Hilo nalo nimelifikiria sana na sijui niliweke wapi.

Ulimshika kichwa njia nzima. Hatukuwa tumeiona Newala alipotuacha.

Mazishini mimi ndiye niliyekuwa mtani mkubwa. Kila mtu alinitazama mimi. Unajua kazi yangu ilivyo: nilipaswa kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka nipewe kuku, nimtukane marehemu, niige mwendo wake, niwafanye wafiwa wacheke kwa nguvu ili walie vizuri. Nilishika jembe, nikachimba na wengine, nikakaa kimya. Watu walisubiri. Shangazi yako mmoja akaanza kucheka kabla, kunisaidia. Nikaendelea kukaa kimya. Mtani asiyetania msibani anajishtaki mwenyewe, hilo hata mtoto wa huku analijua, nami nilijua wanalijua.

Ulikuja ukasimama mbele yangu, udongo mikononi.

"Bomba ulilikata?"

"Nililikata," nikasema. "Ilikuwa betri."

Uliitikia kwa kichwa. Nikaona uso wako unafungwa kama mlango uliorandwa sawasawa. Kwa kuwa kama bomba lilikatwa penye fundo na sauti bado ikawa ndege, basi kosa lilikuwa katika sanduku lenyewe, katika mbao zako na mikono yako. Nililiona hilo linakuingia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nikaokota jembe.

Magogo mapya uliyazungushia kaburi. Randa ulimpa mtu njiani, vita vilipokwisha kule ukavuka, na mimi nikateremka Masasi.

Yaliyofuata huenda umeyasikia. Mnyambe walihamishwa hata hivyo, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara, na ndege haikuja kuzitazama, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha na Mreno amekwenda zake. Afisa alihamishwa kwa cheo. Landrova ikaishia juu ya mawe nyuma ya uwanja wa magari, bila magurudumu, na mwaka huu nilipokwenda kutafuta waya nilimkuta kuku anaatamia juu ya sanduku letu. Nikamwomba radhi, nikafungua skrubu nne. Viungo vyako havijaachia hata kimoja, Boni. Nta ingali laini. Bomba lilikuwa mle mle, zima, kama nilivyoliacha. Nikalichukua, nikalificha chini ya kitanda, na huko lingekaa mpaka nife kama Veronika asingeleta redio.

Nataka ujue kwamba siku ya mazishi utani nilikuwa nao. Ulikuwa tayari ulimini, mzuri kuliko wote niliowahi kuutoa, na ndio maana nilishindwa. Ningelala ndani ya kaburi na kusema: Mtazameni Mmakonde huyu alivyo mjanja, alikataa kuja barabarani kwa miguu, akangoja mpaka serikali imfuate kwa gari mpaka nyuma ya mikorosho. Mama Boni angecheka hadi ungo umdondoke. Sasa nimeutoa. Mwalimu akifika hapa, walio na haki ya kucheka wacheke, na walio na haki ya kunipiga wanajua nilipo. Nitakuwa pale pale barabarani, nimekaa chini pamoja na wanaosikiliza.

Sikuombi uvuke kurudi. Msamaha nao siuombi, maana nikiuomba utakuwa na kazi nyingine ya kunifanyia, na za kwangu ulizofanya zinatosha.

Veronika anakuletea kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Ndilo bomba. Sikuligusa kwa mkasi hata safari hii. Anasema ile kamba ya ukindu bado unajifunga nayo kiunoni, ingawa hupimii kitu. Ifungue. Tafuta fundo la mwisho, lile ulilofunga uani kwako siku vikombe vilipotembea, ulilaze bomba kando yake. Sanduku lako lilikuwa halina kosa. Palipozidi fundo ni pangu.

Pima.

Mtani wako wa Masasi,
aliyenyamaza mazishini